Masika na Geti la Shule

Siku nilipokabidhiwa Murielle Masika sikumtaka. Nasema mapema ili msije mkanidhania mtu mwema. Kampuni yetu, pale Braamfontein, Johannesburg, ilikuwa imejiunga na mpango wa shahada ya uanagenzi. Kijana anaajiriwa, siku nne za wiki anaandika programu pamoja nasi, siku ya tano anakwenda chuo kikuu, na baada ya miaka mitatu anatoka na shahada ya uhandisi wa programu bila kuwahi kuwa mwanafunzi kamili wala mfanyakazi kamili. Kila mwanagenzi lazima awe na mlezi wake kazini. Nilichaguliwa mimi kwa sababu siku ya kuchagua nilikuwa likizo nyumbani Kisii, sikuwepo kukataa.

Alikuwa na miaka ishirini, mwembamba, hana maneno. Mkononi alishika kitu ambacho mpango ule unakiita daftari la ushahidi. Mwanagenzi anaandika humo kila alichojifunza kazini, na mlezi anaweka sahihi. Bila sahihi hakuna mahojiano ya mwisho, na bila mahojiano ya mwisho hakuna shahada. Kwa hiyo miaka mitatu ya msichana huyu ilitegemea kalamu yangu, na mimi ni mtu wa kupoteza kalamu.

Ofisini walimwita Muriel, kwa lafudhi ya Kiingereza. Walipoona Masika, wengine walidhani ni Mvenda, wengine Mtsonga, naye hakumsahihisha mtu. Kizulu alikimwaga kama maji. Mimi pia nilimchukulia kuwa mwenyeji, mpaka mwezi wa nne nilipomkuta kwenye ngazi za dharura akiongea na simu.

"Ndiyo papa, ntapita soko. Kavira alishakula?"

Nilisimama palepale. Ukikaa miaka kumi na moja mbali na kwenu, Kiswahili cha ghafla ngazini kinakushtua moyo. "Kumbe wewe ni wetu!" nikapayuka.

Akakata simu. Uso wake haukubadilika hata kidogo. "Yaya, tafadhali usiwaambie," akasema. Yaya kwao ni dada mkubwa.

Nilikubali, ingawa iliniuma. Baadaye, kidogo kidogo, alinieleza. Walitoka Butembo, mashariki ya Kongo, akiwa na miaka minne, wakapanga chumba Alexandra. Mei 2008, wageni walipovamiwa na kuchomewa nyumba pale Alexandra, ilimkuta na miaka sita. Anachokumbuka ni mama yake, Thérèse, akimziba mdomo chini ya meza, na kesho yake akimwambia kwamba kuanzia leo maneno ya nyumbani yabaki nyumbani. Wakahamia Rosettenville, kusini mwa jiji. Baba yake, Évariste Kasereka, akafungua kibanda cha ushonaji ubavuni mwa saluni ya mama mmoja anayeitwa Jocelyne. Nilimuuliza kama bado anaogopa. Akasema hapana, hahisi kitu. Aliyasema hayo kuhusu mambo mengi.

Nilimwangalia akifanya kazi kwa miaka mitatu na sijui kama alifurahi hata siku moja. Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa kwetu, Ijumaa chuoni, Jumamosi na Jumapili anaandika kazi za chuo. Chuoni wenzake walimwita mtu wa ofisi, na walipopanga starehe zao hawakumwambia kwa kuwa wanajua kesho anaamka mapema. Ofisini, ikiletwa piza, palikuwa na mtu wa kuuliza kama wanafunzi nao wanakula. Alikula, akanawa, akarudi mezani. Mwaka wa kwanza alifuta kwa bahati mbaya jedwali zima la majaribio, kosa ambalo mimi nilipolifanya nililia chooni. Yeye aliandika daftarini: "Leo nilifuta jedwali. Nililirudisha." Fomu ina sehemu ya tafakari, nami nikamwandikia pembeni: ulihisi nini? Akajibu kwa mwandiko mzuri: "Hakuna."

Alichokuwa nacho ni baba. Mzee Kasereka alikuwa ameanza kujishonea suti ya mahafali tangu binti alipopata nafasi ile. Ilining'inia kibandani, ya kijivu, bila mikono, na kila mteja aliyeingia kupunguza suruali alioneshwa. Mikono, mzee alisema, ataishona siku binti atakapofaulu mahojiano ya mwisho.

"Nikifeli, yaya," Murielle aliniambia bila kutabasamu, "atakuja na kizibao."

Mwaka wa tatu ukaja na mradi wa mwisho, ambao ndio mahojiano yote yanauzungukia. Shule kadhaa za kusini mwa jiji zilitaka mfumo wa kuchukua watoto. Uvumi wa watoto kuibwa ulikuwa ukizunguka kwenye simu za watu, na wazazi walikuwa na wasiwasi. Mzazi afike getini, aweke kitambulisho kwenye mashine, mashine imlinganishe na mtoto. Taa ya kijani, mtoto anatoka. Nyekundu, askari wa geti anampeleka mtu huyo ofisini. Suhaib, meneja wetu, alimpa Murielle sehemu ya ulinganisho iwe mradi wake.

Kwenye kikao sheria ikawa rahisi: jina la mwisho la mtu mzima lifanane na la mtoto. "Kuna mzazi halali ambaye jina halitafanana?" Suhaib akauliza, na namsifu kwa kuuliza. Mtu akataja akina mama wasioolewa. Hao watajaza fomu shuleni, ikaandikwa. Mwingine akataja waliooa mara ya pili. Fomu vilevile. "Wengine?" Macho yake yakazunguka meza yakamfikia mwenye mradi. "Muriel?"

Sasa nieleze jambo ambalo mle ndani tulilijua watu wawili tu, yeye na mimi niliyesimuliwa naye. Kwa Wanande wa Butembo, mtoto habebi jina la baba yake. Anabeba jina la zamu yake ya kuzaliwa. Kasereka ni mvulana wa tatu kwa mama yake. Masika ni binti wa kwanza. Kavira ni binti wa pili, na ndilo jina la Shekinah, mdogo wake Murielle, mwenye miaka minane. Mama yao ni Kabuo, binti wa tatu kwao. Mnande akisikia majina hayo anajua nani alimfuata nani kabla ya kuona sura zao. Watu wanne, nyumba moja, damu moja, na hakuna majina mawili yanayofanana.

"Hapana," Murielle akasema. "Hakuna wengine."

Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Mlezi haruhusiwi kumjibia mwanagenzi wake, hiyo ni kanuni ya mpango, nami siku hiyo niliipenda sana kanuni. Nikajiambia mradi ni wake, siri ni yake, aseme mwenyewe. Nikajiambia fomu ipo. Na ilikuwa inakaribia saa saba, nina njaa.

Kazini kwetu hakuna anayejipitishia kazi yake mwenyewe. Hata ukiandika mistari miwili, lazima mtu wa pili asome na kubonyeza kibali ndipo iingie kwenye mfumo. Ulinganisho wa Murielle ulikuwa mistari arobaini, safi, umepimwa kila upande. Nikausoma. Nikabonyeza. Kisha nikamwekea sahihi daftarini, na Suhaib akasema huyu binti atatuaibisha sote.

Shule tatu zikaanza kuutumia Jumatatu moja ya Agosti, na mojawapo ilikuwa shule ya Shekinah. Murielle alijua. Barua kuhusu fomu zilitumwa kwa wazazi ndani ya mikoba ya watoto, na ile ya Shekinah ilikuja kuonekana baadaye chini ya ganda la ndizi. Murielle alimuuliza baba yake mara moja kama kuna barua imefika. Mzee akasema hapana, na mazungumzo yakaishia hapo. Baadaye nilimuuliza Murielle kwa nini hakumwambia tu baba yake aende kujaza. Akasema angelazimika kumweleza kwa nini mtu kama yeye anahitaji fomu.

Siku hiyo Suhaib alileta mfuko wa magwinya ya moto, maandazi ya huku, tukajipanga mbele ya skrini kubwa ya ukutani. Kuanzia saa nane mchana mistari ilianza kushuka, kila mzazi na mtoto wake, kijani, kijani, kijani. Tulifika kama sitini hivi. Kisha mmoja ukawa mwekundu.

MTU MZIMA: KASEREKA. MTOTO: KAVIRA.

"Eish! Mmeona?" Suhaib akaruka. "Imemnasa mmoja!" Watu wakapiga makofi. Mtu akauliza hayo ni majina ya wapi, na mwenzake akajibu kwamba hao ndio walewale wanaoiba watoto. "Muriel, sharp! Sharp sana!"

Murielle alikuwa ameshika gwinya aliloliuma mara moja. Simu yake ikaanza kutetemeka ndani ya mkoba, inagonga mguu wa kiti, tunaisikia wote. Hakuipokea. Aliitazama skrini, akageukia kompyuta yake, akaanza kuandika. Nilikwenda nyuma yake nione anaandika nini. Alikuwa anabonyeza kitufe cha nafasi tu, mstari mtupu unakwenda hadi mwisho, kisha anaanza mwingine.

Dakika tisa zilipita. Simu ilinyamaza, ikaanza tena. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka, na sikujua kama nimemkasirikia yeye, au yule aliyesema walewale, au mimi mwenyewe niliyebonyeza. Nikachukua funguo za gari.

"Masika," nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya wote, "beba laptopu. Twende kwa baba yako."

Neno baba Wazulu nao wanalo. Vichwa vikageukia ile skrini, nasi tukatoka.

 Pale shuleni tulikuta wazazi wamejaa getini, simu juu, wanarekodi dirisha la ofisi. Ndani, mzee Kasereka alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni. Askari wa geti amesimama mlangoni. Shekinah yuko pembeni yake, amevimba kwa hasira. "Niliwaambia ni baba yangu," alimwambia dada yake kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu. "Hakuna aliyenisikiliza." Ni kweli. Katika mfumo wetu wote hatukuweka mahali popote pa kumuuliza mtoto.

Katibu wa shule, mama aliyeonekana kuchoka tangu asubuhi, alisema mwenye ruhusa ya kufungua ni mwalimu mkuu peke yake, naye yuko mkutanoni mjini. Kisha akamgeukia Murielle. "Kama wewe ni dada yake, weka kitambulisho chako."

Akaweka. Taa ikawaka nyekundu. Askari akasogea hatua moja kumkaribia.

"Mimi ndiye niliyeiandika hii," Murielle akasema.

"Basi ifungue."

"Siwezi peke yangu."

Akavuta kiti kingine cha mtoto, akaweka laptopu magotini. Nilimpigia Suhaib nikamwambia tunachofanya, sikumwomba. Murielle alifuta ile mistari arobaini akaweka michache. Tangu sasa mashine isiangalie kufanana kwa majina. Iangalie tu orodha ya watu ambayo mzazi aliyemwandikisha mtoto anaijaza mwenyewe, wawe na majina yoyote, na kabla haijajazwa imtambue mzazi huyo peke yake. Aliandika kama siku yoyote ya kazi.  Alipomaliza alinigeuzia, nikasoma nimesimama, nikabonyeza kibali. Askari akaweka tena kitambulisho cha mzee, taa ikawa kijani.

Mzee hakuinuka. Alikuwa ametazama yote, tangu mwanzo.

"Njo weye ulitengeneza hii mashini?" akamuuliza binti yake.

"Ni miye, papa."

"Na haukubaambia namna kwetu tunaitaga batoto majina?"

"Hapana."

"Habakukuuliza?"

Niliomba kimoyomoyo adanganye. Mimi ningedanganya.

"Baliniuliza," Murielle akasema.

Mzee alivua utepe shingoni, akaukunja polepole, akautia mfukoni. Akainuka, akachukua mkoba wa Shekinah. Nikamwambia, "Baba Masika, pole sana, gari lipo, niwapeleke nyumbani." Akanijibu kwa heshima zote, "Aksanti, mama. Tutatembea." Wakatoka, na wale wenye simu wakawapisha. Murielle alifunga laptopu, akaniuliza kama mabadiliko haya yanahesabika kuwa ushahidi wa daftarini. Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa anauliza kweli.

Mahojiano yalikuwa wiki tatu mbele. Palikuwa na ukurasa wa kueleza kosa lililotokea katika mradi na chanzo chake. Mara ya kwanza aliandika: "Mahitaji hayakukusanywa kikamilifu." Ni sentensi yetu hiyo, sote tunaitumia, haina mtu ndani yake. Ningeiwekea sahihi bila kupepesa. Kesho yake nikakuta ameikata kwa mstari mmoja na kuandika chini yake: "Niliulizwa nikanyamaza, kwa sababu sikutaka wajue nimetoka wapi."

"Masika, wanaweza kukufelisha kwa hili," nikamwambia. "Umeficha jambo ulilolijua. Miaka mitatu yote inakwenda."

"Najua, yaya."

"Huogopi?"

"Hapana. Ningependa kuogopa."

Nikaongeza kwa mkono wangu, "Mlezi wake alijua pia," nikaweka sahihi. Nikamuuliza nyumbani wakoje. Akasema papa anamsalimia asubuhi na jioni. Na suti? Ipo, akasema, inaning'inia.

Kwenye jopo, pale ofisini kwetu, walikaa watatu: mhadhiri wake, Suhaib, na mtathmini wa nje, mama mmoja kutoka Pretoria mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mimi nilipewa kiti cha nyuma na amri ya kukaa kimya. Yule mama alisoma ile sentensi kwa sauti, akaitazama karatasi, akamtazama Murielle. Suhaib alikuwa anaangalia viatu vyake. "Nimefanya kazi hii miaka mingi," mama akasema, "sijawahi kuona mtu ameandika hivi." Sikujua kama ni sifa au hukumu. Murielle hakuonekana kutaka kujua.

Kisha wakataka auoneshe mfumo ukifanya kazi, kwa taarifa za kweli. Alikuwa amemwomba baba yake ruhusa ya kutumia taarifa za Shekinah, na mzee alimjibu, "Tumia tu." Hakuwa amezifungua kabla. Aliniapia hivyo baadaye, nami namwamini, kwa sababu niliona mkono wake ukisimama juu ya kipanya.

Ukutani ikatokea picha ya Shekinah Kavira, na chini yake orodha aliyoijaza mzee shuleni Jumamosi iliyopita. Fomu ina nafasi nne.

"Hapa mzazi anaandika watu anaowaamini kumchukua mtoto wake," Murielle akaeleza kwa sauti yake ileile. "Majina si lazima yafanane. Kwa mfano huyu. Wa kwanza, Évariste Kasereka, baba. Wa pili, Thérèse Kabuo, mama. Wa tatu, Jocelyne, jirani, mwenye saluni."

Akaishia hapo, nami nilikuwa nasubiri jina lake mwenyewe. Nilikuwa na maneno mdomoni na kanuni ya mpango juu yake.

"Na nafasi ya nne?" mtathmini akauliza, kalamu mkononi.

Murielle aliitazama ukutani.

"Mzazi hakuijaza," akasema.

Mama akaandika kitu, akasema vizuri, ina maana mfumo unakubali nafasi tupu. Walitutoa nje robo saa, wakatuita. Amefaulu, daraja la kwanza, na mhadhiri akasema neno refu juu ya ukweli na taaluma. Suhaib alimpa mkono, akamwita Murielle, kwa mara ya kwanza, akijitahidi kulitamka. Yeye akawashukuru wote, mmoja mmoja.

Alipiga simu akiwa kwenye zile ngazi za dharura. Safari hii hakukata aliponiona, nami sikujifanya nina pa kwenda. "Papa, nilipita," akasema. Akasikiliza. Akasema ndiyo mara mbili, akakata.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema mikono ataanza kuishona leo."

Nilitaka kumkumbatia lakini alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri lifti. "Na ile nafasi ya nne?"

Alirudisha simu mkobani, akafunga zipu hadi mwisho.

"Sikumuuliza," akasema.